Mapumziko ya Lazima

Katika nchi hiyo, ambayo wachoraji wa ramani wameiacha bila jina kwa kuhofia kuliandika vibaya, kazi haikupimwa kwa kile kilichofanyika, bali kwa muda ambao mtu alionekana mahali pa kuifanyia. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake. Kilichofanyika kinaweza kubishaniwa: huyu atasema ni kizuri, yule atasema kimepinda. Lakini mtu aliyesimama mahali amesimama, na hata adui yake hawezi kulikana jambo hilo.

Kwa hiyo Kiwanda cha Taifa cha Sufuria kilifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na wafanyakazi wake walionekana humo tangu mwanzo hadi mwisho. Asubuhi walimsubiri Meneja, Bwana Sengo, afike na ufunguo wa ghala, kwa kuwa ufunguo wa mali ya umma haupaswi kulala kwa mtu mdogo. Ufunguo ulipofika, walisubiri umeme. Umeme ulipofika, walifanya kazi kwa bidii mpaka mabati ya alumini yaliyotolewa siku hiyo yakaisha, jambo ambalo kwa kawaida lilitokea kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo kila mmoja alisimama kando ya mashine yake mpaka jioni, mikono ikiwa nyuma. Hali hiyo iliitwa utayari, na ilihesabiwa kuwa sehemu ya uzalishaji.

Miongoni mwa waliokuwa tayari kila siku alikuwamo mjane mmoja, Sikudhani Mbaruku, ambaye kazi yake ilikuwa kusugua kingo za sufuria ili zisikate mikono ya wapishi. Kiwandani aliitwa Mama Tausi, kama ilivyo desturi ya nchi hiyo kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe wa kwanza. Meneja alimwita Mama Tausi, mlinzi wa getini alimwita Mama Tausi, hata muuza maandazi ambaye hakuwahi kumwona mtoto huyo alimwita Mama Tausi. Mtu mmoja tu hakumwita mama, naye ni Tausi.

Tausi alikuwa na umri wa miaka mitatu. Mama yake alitoka nyumbani kabla hajaamka na kurudi akiwa amekwisha lala. Na Jumapili, kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, wananchi wote walifagia barabara kuu. Mtoto alilelewa na jirani, Bi. Kidawa, mwanamke mwema aliyemfunza adabu zote zinazompasa mtoto. Kwa sababu ya adabu hizo, kila ilipotokea wakaonana macho kwa macho, Tausi alimwamkia mama yake ipasavyo.

"Shikamoo, mgeni."

"Marahaba."

"Karibu ukae. Mama anakuja sasa hivi," alisema Tausi, akimkusudia Bi. Kidawa.

Sikudhani alikaa, akamngoja Bi. Kidawa, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya hilo.

*

Mkuu wa nchi hiyo hakuitwa Rais, kwa sababu cheo hicho kimezagaa duniani na hutumiwa na watu wa kila namna. Aliitwa Mlezi Mkuu. Mwaka huo alikuwa amesafiri kwenda ng'ambo kuhudhuria mkutano, na katika mkutano huo, alipofumbua macho ili aulizie chakula cha mchana, alimsikia mzungumzaji mmoja akieleza kwamba katika nchi fulani wafanyakazi walipunguziwa saa za kazi na mazao ya kazi yao yakaongezeka. Mzungumzaji aliendelea kueleza sababu, lakini chakula kilikuwa tayari.

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyorudi nyumbani. Mlezi Mkuu aliitamka katika uwanja wa ndege, akiwa angali juu ya ngazi.

"Saa zipungue," alisema, "tija iongezeke."

Kisha akashuka, akapokea maua.

Waziri wa Kazi na Bidii, Mheshimiwa Kasunzu, alikuwapo uwanjani. Juma lililotangulia alikuwa amewahutubia wafanyakazi wa reli na kuwaambia kwamba mtu anayetazama saa kazini ni mhaini aliyevaa saa. Sasa alisogelea vipaza sauti na kutangaza kwamba yeye binafsi amekuwa muumini wa saa chache tangu utotoni, ila alikuwa akisubiri kuagizwa aseme hivyo. Kiwanda cha Taifa cha Sufuria kilichaguliwa kuwa cha mfano. Wafanyakazi wake wangeingia saa moja asubuhi na kutoka saa saba mchana, nalo taifa lingetazama.

Taifa lilitazama, na jambo la kushangaza likatokea: sufuria ziliongezeka. Bwana Sengo, ambaye hakuwa na mazoea ya kuwahi, aliona ni rahisi zaidi kuuacha ufunguo kwa mtunza ghala. Mtunza ghala, kwa kuwa naye alitaka kwenda nyumbani, alitoa mabati yote yaliyohitajika badala ya kuyagawa kama dawa. Hakuna aliyesimama katika utayari, kwa kuwa muda wa kufanya hivyo haukuwapo. Kingo zilisuguliwa vizuri, na wapishi wa mji mzima wakapata nafasi ya kuponya vidole vyao.

Saa saba ya siku ya kwanza, wafanyakazi walitoka getini wakiwa wamefumba macho nusu kwa sababu ya jua. Mlekwa, fundi wa mashine ya kukandamiza mabati, alikuwa akitembea upesi kuliko wote.

"Mlekwa, unakimbilia wapi?" aliuliza Sikudhani.

"Nakwenda kumfumania mke wangu, Mama Tausi."

"Na nani?"

"Na mchana. Tumeoana miaka tisa, sijawahi kuwaona pamoja."

Sikudhani naye alikwenda nyumbani. Alimkuta Tausi macho, akakaa naye mkekani mpaka jioni. Kesho yake alirudi tena, na kesho kutwa vilevile. Tausi aliipokea hali hiyo kwa subira, lakini hatimaye alimwendea Bi. Kidawa aliyekuwa akipepeta unga.

"Mama, huyu mgeni hana kwao?"

"Hapa ndipo kwao," alijibu Bi. Kidawa.

"Hapa kwetu?"

"Hapa kwenu. Mwulize, atakwambia."

Tausi hakuuliza. Alikwenda kumtazama mgeni kwa muda mrefu, kisha akampa nusu ya andazi alilokuwa amekwisha liuma. Juma lililofuata Sikudhani hakuwa mgeni tena, bali mgeni wetu. Baada ya hapo akawa mama mgeni. Palikuwa pamebaki neno moja la kuondolewa, na Sikudhani, ambaye hakuwa mtu wa kuharakisha mambo, alilisubiri liondoke lenyewe.

*

Katika nchi hiyo hakuna jambo jema lililoachwa bila kushukuriwa. Mheshimiwa Kasunzu alifika kiwandani kwa msafara wa magari, akapanda jukwaani, akawatazama wafanyakazi kwa uchungu.

"Ndugu zangu wa sufuria," alisema, "nimesikitika. Mlezi Mkuu amewapa saa tano za siku, saa ambazo angeweza kuzitumia mwenyewe. Mmezipokea. Mmekwenda nazo nyumbani. Nimeuliza: je, wameshukuru? Nimejibiwa: Mheshimiwa, wamelala mchana. Ndugu zangu, zawadi isiyoshukuriwa ina tofauti gani na kitu kilichookotwa? Kwa hiyo, ili kuwaepusha na aibu hiyo, serikali yenu sikivu imeanzisha Kikao cha Shukrani. Kitafanyika hapahapa kiwandani, kila siku, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Makofi."

Wafanyakazi walipiga makofi. Sikudhani alinyoosha mkono, akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Kikao hicho ni kazi au ni mapumziko?"

Waziri aliinama kuzungumza na washauri wake. Washauri walizungumza wenyewe kwa wenyewe.

"Ni mapumziko," alisema Waziri alipoinuka.

"Basi mtu akitaka kupumzikia nyumbani kwake?"

"Hapana. Ni mapumziko ya lazima."

"Ahsante, Mheshimiwa. Sasa nimeelewa," alisema Sikudhani, akaketi.

Mlekwa alimwinamia. "Umeelewa nini, Mama Tausi? Nieleze na mimi."

"Nimeelewa kwamba tutatoka saa kumi na mbili kama zamani."

"Hapana, si kama zamani," alisema Mlekwa. "Zamani tulitoka bila kushukuru."

Kikao cha Shukrani kilianza kesho yake. Kwanza ziliimbwa nyimbo, kisha ilisomwa hotuba, kisha zilisomwa shukrani zilizotumwa na viwanda vingine ambavyo bado havijapunguziwa saa, na mwisho zilisomwa shukrani za kuzishukuru shukrani hizo. Kwa kuwa nyimbo za mwanzoni hazikuwaridhisha wakubwa, iliamriwa kwamba mazoezi yafanyike asubuhi, kabla ya sufuria. Sufuria zikapungua. Wapishi wakaanza tena kujikata vidole. Serikali, kwa mshtuko mkubwa, iliunda Tume ya Kuchunguza Uhusiano wa Saa na Sufuria, ambayo wajumbe wake walifanya kazi kutwa kucha ili kubaini kama inafaa watu wafanye kazi muda mfupi.

Nyumbani, Tausi alirudi nyuma kwa ngazi zilezile alizopandia. Siku chache baadaye mama mgeni akawa mgeni wetu. Asubuhi moja, alipoamka ghafla na kumwona Sikudhani akifunga kanga ili aondoke, alijikokota mpaka mlangoni kwa usingizi wake na kumuaga kwa adabu kamili.

"Ahsante kwa kututembelea," alisema. "Siku nyingine tena."

Sikudhani alifika kiwandani, akasimama mbele ya meza ya Bwana Sengo, akaomba ruhusa ya kwenda wizarani.

"Una shida gani huko?"

"Nataka niruhusiwe kutoka saa saba. Nitashukuru nikiwa njiani."

Bwana Sengo alimhurumia kidogo, kwa kuwa naye alikuwa na mke aliyekuwa ameanza kumwita Meneja. "Nenda," alisema. "Mtafute Mkurugenzi wa Saa. Lakini uwahi mazoezi ya nyimbo. Sauti ya pili imepwaya."

*

Nje ya chumba cha Mkurugenzi wa Saa aliketi karani mmoja wa makamo, akichambua mchele kwenye ungo.

"Hodi, dada. Nimekuja kumwona Mkurugenzi."

"Yupo," alisema karani bila kuinua uso. "Ingia tu."

Sikudhani aliingia. Ndani mlikuwa na meza, kiti, na koti la kijivu lililotundikwa vizuri kwenye mgongo wa kiti. Alingoja kidogo, akatoka.

"Simwoni."

"Koti umeliona?"

"Nimeliona."

"Basi umemwona. Koti la mtumishi likiwa kitini, mtumishi yupo kazini. Ndiyo kanuni ya wizara."

"Lakini yeye mwenyewe ametoka?"

"Hajatoka. Angetoka angechukua koti."

"Nikizungumza naye atanijibu?"

Karani alitoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa dirishani. "Dada yangu, mimi nimeingia hapa nikiwa msichana. Hata wale waliokuwa wakija ndani ya makoti yao hawakuwahi kumjibu mtu. Wewe kaseme shida yako, asikie, uende zako."

Sikudhani alirudi ndani, akalieleza koti habari za Tausi tangu mwanzo. Koti lilimsikiliza bila kumkatiza na bila kutazama saa, heshima ambayo hakuwahi kuipata kwa ofisa yeyote. Alipomaliza alishukuru, akatoka, akasimama tena mbele ya ungo.

"Hiyo kanuni, dada, ni ya wakurugenzi peke yao?"

"Inasema mtumishi wa umma. Wewe si mtumishi wa umma?"

"Nasugua sufuria za umma."

"Basi wewe ni mtumishi. Una koti?"

"Sina. Nina ovaroli."

Kwa mara ya kwanza karani aliuweka ungo chini, akafikiri kwa uzito uliostahili jambo hilo.

"Ovaroli ni koti lenye miguu," alisema. "Mimi sioni kizuizi."

*

Kesho yake, saa saba mchana, Sikudhani alivua ovaroli yake ya buluu, akaiketisha kwenye kiti chake katika ukumbi wa Kikao cha Shukrani, akaikunja mikono kifuani kwa adabu, akafunga kanga yake, akaenda nyumbani. Mlekwa aliuliza, akaelezwa, akaiketisha ya kwake karibu na ile. Kabla ya mwisho wa juma ukumbi mzima ulikuwa umejaa ovaroli, zimenyooka safu kwa safu, na Bwana Sengo mwenyewe alikuwa ameweka koti lake kwenye meza kuu na kwenda kumkumbusha mkewe jina lake.

Siku moja Mheshimiwa Kasunzu alifika kuwahutubia. Alikuwa na desturi ya kusoma hotuba bila kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa amekatazwa na heshima yake kuvaa miwani, na akiinua kichwa hakupaona tena mahali alipofikia. Alisoma kuanzia mchana hadi jua lilipoanza kushuka. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesinzia. Hakuna aliyeomba kwenda haja. Alipomaliza, aliinua uso, akaona rangi ya buluu imejaa ukumbi mzima, imetulia, imekunja mikono.

"Hawa," alimwambia mshauri wake kwa sauti iliyojaa hisia, "ndio wafanyakazi niliokuwa nikiwaota."

Mshauri alimnong'oneza hali halisi. Waziri alitafakari, kisha akauliza swali ambalo kiongozi makini hana budi kuliuliza.

"Kanuni inaruhusu?"

"Inaruhusu, Mheshimiwa. Ndiyo inayoiendesha wizara."

"Basi wapo," alisema Waziri. "Na mimi nimechoka."

Kuanzia kesho yake, Waziri naye hakuja. Lilikuja koti lake. Liliketi kiti cha nyuma cha gari, pikipiki mbili zikitangulia kwa ving'ora, wenye magari mengine wakasimama pembeni kulipisha, nalo likatundikwa jukwaani mbele ya ovaroli. Redio ya taifa iliripoti kwamba Waziri alitoa hotuba fupi, isiyokuwa na maneno makali, na kwamba wafanyakazi waliipokea kwa utulivu. Watu wengi waliokuwa wakimsikiliza Mheshimiwa Kasunzu kwa miaka mingi walikiri kuwa alikuwa ameimarika sana.

Kwa kuwa ovaroli haziimbi, mazoezi ya asubuhi yalifutwa. Sufuria zikaongezeka tena. Wajumbe wa Tume, ambao walikuwa wameanza kuandika kwamba sufuria zimepungua, walifuta na kuanza upya.

Sikudhani alikuwa nyumbani kila alasiri. Tausi alimpokea kwa tahadhari ya mtu aliyekwisha dhulumiwa mara moja. Alimwita mgeni wetu na kuishia hapo. Hata hivyo, alianza kuamka alfajiri ili amwone akiondoka, na mchana alikaa mlangoni. Akiulizwa anamngoja nani, alisema anatazama kuku.

*

Ndipo Mlezi Mkuu alipotaka kuja mwenyewe kumtunuku mfanyakazi aliyehudhuria vikao kwa uaminifu kuliko wote. Wakaguzi walipita safu kwa safu na kukuta kwamba ovaroli ya Sikudhani, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kuja na ilikuwa safu ya mbele, haikuwahi kukosa.

Bwana Sengo alimwita ofisini.

"Mama Tausi, umeteuliwa. Nishani, na juu ya nishani, cheo. Utakuwa Mshukuru Mkuu wa Taifa. Utahamia makao makuu, utapewa chumba, utakuwa ukizungushwa mikoani kuongoza shukrani."

"Na mtoto?"

"Chumba ni cha mtu mmoja."

"Nikikataa?"

"Hakuna aliyewahi kukataa, kwa hiyo hatujui. Ninachokuomba ni kimoja: kesho njoo, uwe ndani ya ovaroli yako. Mlezi Mkuu si Waziri. Akikuita, uinuke."

"Itainuka," alisema Sikudhani. "Nitaitia wanga."

Bwana Sengo alimtazama, akaelewa, akafungua kinywa ili amkataze. Kisha akakumbuka kwamba mkewe sasa alikuwa akimwita Halfani, kama zamani za uchumba wao, na mambo haya yote yalianzia kwenye kiti cha mama huyu.

"Utie mwingi," alisema.

Usiku ovaroli ilikauka, asubuhi ilipigwa pasi, na mchana iliketi safu ya mbele ikiwa imenyooka kama askari wa gwaride. Sikudhani aliitazama mara moja tu, akatoka. Jioni hiyo aliketi mkekani na Bi. Kidawa, Tausi akiwa katikati yao, redio ikiwa dirishani. Bi. Kidawa hakuweza kula.

"Sikudhani, mwanangu, wakikuita na usiwepo, watakuja kukuchukua hapa."

"Nipo, Bi. Kidawa. Kanuni inasema nipo."

Redioni ulipigwa wimbo wa taifa. Kisha ikasikika sauti ya mtangazaji, nzito na yenye kutetemeka kidogo, ikimwita Bi. Sikudhani Mbaruku, anayejulikana na wenzake kwa jina la Mama Tausi, asogee mbele ya Mlezi Mkuu. Bi. Kidawa alijifunika uso kwa upande wa kanga.

"Mama Tausi," ilirudia redio. "Mama Tausi anaombwa asogee."

Tausi aliacha kutafuna. "Tausi ni mimi," alisema.

"Ni wewe," alisema Bi. Kidawa kutoka ndani ya kanga.

"Wewe ni Mama Tausi?"

"Mimi ni Bi. Kidawa. Mimi nakulea tu."

Tausi aligeuka, akamtazama mtu aliyebaki. Alimtazama miguu, mikono yenye makovu ya alumini, na mwisho uso. Hakuonekana kufurahi, alionekana kama mtu anayefanya hesabu na kukuta jibu lilikuwapo muda wote.

"Mama," alisema, "unaitwa."

Sikudhani alichukua kipande cha muhogo kilichokuwa kwenye sahani, akakirudisha, akakichukua tena.

"Nimesikia," alisema.

"Huendi?"

"Nimekwisha kwenda."

Redioni mpambe wa Mlezi Mkuu alikuwa amekwisha kuichukua ovaroli kitini na kuisimamisha, nayo, kwa sababu ya wanga, ikasimama. "Anasonga mbele," alisema mtangazaji. "Haringi. Hatabasamu. Macho yake, kama anayo, ameyaelekeza chini kwa unyenyekevu." Mlezi Mkuu aliitunuku nishani, akaipa mkono kwa kuushika mkono wake wa kushoto, akasema kwamba laiti wananchi wote wangekuwa namna hiyo. Halafu Mshukuru Mkuu wa Taifa aliingizwa katika gari la serikali, akapelekwa makao makuu.

*

Asubuhi Sikudhani alikwenda kazini kama kawaida. Mlinzi alimzuia getini.

"Mama Tausi, huwezi kuingia."

"Nimechelewa?"

"Umehamishwa. Uliondoka jana jioni. Ni mimi niliyekufungulia geti, nikakupigia saluti."

"Nikakujibu?"

"Hukunijibu. Lakini ulikuwa umeketi na wakubwa, sikukulaumu."

"Na mshahara wangu?"

"Utakufuata hukohuko. Wamesema utatiwa mfukoni."

"Na huyu unayezungumza naye sasa?"

Mlinzi alimwangalia kwa masikitiko ya kweli. Walikuwa wamejuana kwa muda mrefu. "Huyu hana ovaroli," alisema.

Wakati huo vipaza sauti vya kiwanda vilifunguliwa, na taarifa ya Tume ikasomwa kwa wafanyakazi waliokuwa wakiingia. Tume ilikuwa imebaini yafuatayo: saa zilipopunguzwa, sufuria ziliongezeka; wafanyakazi walipoanza kuimba, sufuria zilipungua; wafanyakazi waliponyamaza, sufuria ziliongezeka tena, ingawa saa zilikuwa zilezile. Ilikuwa dhahiri, basi, kwamba kinachoongeza tija si uchache wa saa bali ni ukimya. Kwa mujibu wa ushauri huo, saa za kazi zilirudishwa kuwa kumi na moja, kuanzia asubuhi hiyo, na kunyamaza kungeanza mara tu taarifa itakapokwisha. Ovaroli zingevaliwa na wenyewe.

Mlekwa alikuwa akipita getini. Alisimama mbele ya Sikudhani.

"Kwa hiyo sisi tunaingia na wewe unabaki nje," alisema. "Ulisoma wapi, Mama Tausi? Mimi nilidhani vyeo hutolewa—"

Taarifa ilikwisha. Mlinzi aliweka kidole mdomoni. Mlekwa alimalizia maneno yake kwa nyusi, akaingia, akaweka mikono nyuma.

Sikudhani alirudi nyumbani kwa njia ileile, polepole, akiwaza atapika nini mwisho wa mwezi na kama kuna mtu mjini anayeweza kulipia kingo zisizokata. Hakuwahi kuiona njia hiyo katika saa hiyo akiwa anaielekea nyumba. Jua lilikuwa bado halijaufikia mlango. Tausi alikuwa mkekani, bakuli la uji likiwa katikati ya miguu yake, na alipomwona aliweka kijiko chini.

"Mama, umesahau nini?"

"Ovaroli."

"Kaichukue."

"Imekwenda kazini."

Tausi alilifikiria jambo hilo. Kisha akalivuta bakuli lake upande mmoja, akasogea, akaacha nafasi mkekani.

"Basi kaa," alisema.